Mkono wa Bwana Harusi

Mwezi uliopita niliwakabidhi mkoba wangu wa kazi, nikarudi nyumbani Langoni, hapa Amu, nikiwa sina cha kubeba. Macho yamechoka, na kifundo cha mkono wa kulia kinakufa ganzi nikishika koni ya hina kwa zaidi ya nusu saa. Nyinyi mnaobaki kwenye kazi hii ya picha za harusi mmeniomba niandike jinsi tulivyoanza, maana mmesikia vipande vipande na kila mmoja ana chake. Nitaandika ya mwanzo tu. Ya baadaye mlikuwepo wenyewe, ingawa baadhi yenu mlikuwa mnafika kwa kuchelewa.

Sikusoma sana. Mama alifariki kwanza, baba akamfuata kabla mwaka haujatimia. Mimi nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu walikuwepo watatu: Athmani, Swaleh, na Rukia ambaye bado alikuwa anatambaa. Shangazi yetu wa Pate alikuja akiwa amekwisha kupanga nani atakwenda kwa nani. Nikamwambia hatugawiwi. Akaniuliza nitawalisha nini. Nikasema siyui, lakini hatugawiwi. Siku ya pili yake niliacha shule nikatafuta kazi.

Kazi niliipata kwa Bi Mwanashee, mpambaji wa maharusi mtaa wa Mkomani. Siku ya kwanza alinipa gunia dogo la hina iliyosagwa na kipande cha kitambaa chembamba, akaniambia niichekeche. Nilichekecha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akaja, akachota kidogo, akasugua baina ya vidole viwili.

"Kuna punje moya," akasema. "Anza tena."

"Punje moja tu, Bi?"

"Hiyo moya ndiyo itakayoziba koni wakati bibi harusi amekunyooshea mkono na mama yake amekukodolea mato. Anza tena."

Nilianza tena. Kwa muda mrefu sikuruhusiwa kugusa mkono wa mtu. Nilichora juu ya sahani ya bati kwa chelewa, ule uti mwembamba wa jani la mnazi, nikafuta, nikachora tena. Mkono wa mtu si ukuta, alikuwa akisema. Ukuta ukikosea wapaka chokaa. Hina ikishaingia kwenye ngozi haitoki kwa maji wala kwa majuto. Huisha yenyewe, baada ya wiki mbili au zaidi, na siku zote hizo kosa lako linatembea mjini likisalimia watu.

Jambo jingine nililojifunza kwake sikulitambua wakati ule. Kabla ya kupamba, Bi Mwanashee alikwenda nyumbani kwa bibi harusi akakaa tu. Aliuliza ataketi chumba gani, taa iko upande gani, ukuta una vidaka vingapi, mama mkwe ni mrefu au mfupi. Nilidhani ni umbeya. Kumbe alikuwa akipanga. Bibi harusi akiketishwa, kila kitu kilikuwa kimekwisha kukubaliana naye: koja la asmini, rangi ya leso, hata mahali pa chetezo cha udi. Watu wakasema msichana ni mzuri. Hakuna aliyesema chumba kimepangwa vizuri, na Bi Mwanashee alitaka iwe hivyo.

Alipofariki, wateja wake walinifuata mimi. Athmani na Swaleh walimaliza shule wakapata kazi Mombasa. Rukia alibaki nami, akawa msichana mkubwa, akachumbiwa na Ali, fundi wa mashine za boti kule Faza. Mama yake Ali, Bi Zainabu, alikuja Amu na wanawake sita kumvisha pete. Alimshika mkono kwa muda mrefu, akaona kidole kidogo cha kushoto kilichopinda, akauliza. Rukia akasema alianguka na mbuzi ya kukunia nazi alipokuwa mdogo. Bi Zainabu akasema hata yeye na hiyo mbuzi hawapatani. Tukacheka, mambo yakaisha vizuri.

Mwezi uliofuata ndipo akaja Njeri. Njeri ni mpiga picha kutoka bara, aliyeletwa na kazi ya hoteli moja Ras Kitau akakataa kurudi kwao. Alinikuta barazani nikichambua asmini.

"Mum, nataka tufanye picha za harusi," akasema. Nilikuwa sina mtoto, lakini kwa watu wa bara kila mwanamke mwenye leso ni mama wa mtu.

"Nani anaolewa?"

"Hakuna."

"Na bwana harusi?"

"Tutamtafuta."

"Mahari je?"

"Hakuna mahari, Mum. Ni picha tu."

"Pilau?"

"Tutanunua chapati."

Nikamwambia harusi ya namna hiyo hata mimi naiweza. Lakini alipoeleza nilielewa. Watu wa kazi wanaungana, kila mmoja analeta ujuzi wake bure, picha zinakuwa za wote, na bibi harusi wa kweli akiziona anajua nani wa kumwita. Mimi nilikuwa nikimaliza kazi yangu na hina inafutika. Kila mwezi naanza tena sina cha kuonyesha. Nikakubali.

Tulikutana nyumbani kwake kupanga. Alikuwepo Kevo, kijana wa Nakuru mwenye kazi ya maua na mapambo, ambaye baadaye nyote mlimjua. Alikuja na picha alizotoa mtandaoni: viti vyeupe, vitambaa vyeupe, maua meupe, keki nyeupe.

"Hii ni harusi au hospitali?" nikamwuliza.

"Mum, hiyo ndiyo watu wanataka saa hii. Clean."

Sikubishana naye. Nilirudi nyumbani nikaleta vitu nikavitandaza sakafuni: kipande cha leso nyekundu iliyopauka, ubao wa mlango mkuukuu, asmini kiganja kimoja, halwaridi kavu, kikombe cha shaba. Nikamwambia achague vitatu tu, maana vikiwa vinne huanza kugombana. Alivizunguka kama anayechagua mbuzi. Mwisho akachagua ubao, asmini na ile nyekundu iliyopauka, na hizo ndizo zikawa rangi zetu. Hata sasa mkipanga, msianze na simu. Anzeni na vitu mnavyoweza kuvishika, kwa sababu siku yenyewe mtavishika.

Mahali palikuwa pwani ya Ras Kitau, mkabala na Shela. Kevo alichora meza ndefu mchangani na kiti cha enzi cha mpingo kichwani pake, saa kumi alasiri ili jua liwe laini. Nikamwuliza maji yatakuwa wapi saa kumi. Akasema yatakuwa baharini. Siku tuliyoichagua ilikuwa ya bamvua, maji makuu. Nikamwonyesha alama ya maji kwenye ukuta wa mawe, ilikuwa juu ya kiuno chake. Tulisogeza kila kitu mpaka kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni, la nyumba ya zamani iliyokuwa nyuma ya hoteli, na picha zikawa nzuri zaidi, jambo ambalo Kevo alianza kulisimulia kama wazo lake.

Asmini tulikubaliana ichumwe jioni kabla haijachanua, itungwe, ifungwe kwenye jani la mgomba na kitambaa kibichi, ivushwe kwa boti asubuhi. Rukia angekuja nami kutunga vikuba, yale mafungu madogo ya kubandika kifuani. Nguo alitukopesha mshonaji wa Mkomani. Bwana harusi alikuwa Mutua, mfanyakazi wa hoteli, mrefu, mwenye mabega ya kuvalia joho. Bibi harusi alikuwa msichana mwanamitindo kutoka Nairobi.

Msichana huyo alifika siku moja kabla, na mimi nilikuwa nimeandaa hina yangu kwa ndimu na mafuta ya mkaratusi. Aliponyoosha mikono niliona imekwisha kuchorwa. Alikuwa amekutana na mpakaji ufukweni akapakwa rangi nyeusi, ile ya haraka, ambayo ndani yake mna dawa ya kutia nywele weusi. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba. Alasiri ile malengelenge yakatoka. Tukamtafutia dawa, maskini, akaketi akipepea mikono.

"Uso uko sawa," Njeri akasema. "Tutaficha mikono kwenye nguo. Lakini picha za mikono ndizo nilizozitegemea. Kazi yako itaonekana wapi, Mum?"

Swali hilo ndilo lililonishika. Jioni ile Rukia alikuwa ameketi pembeni akitunga vikuba. Nikasema, "Rukia yupo." Nikamwita, akanyoosha mikono kama alivyozoea kuninyooshea tangu utoto nilipokuwa nikimnawisha.

Hapo mnielewe vizuri. Kwetu msichana asiyeolewa hupakwa kidogo, ncha za vidole na duara la kiganja. Maua mpaka kiwiko ni ya mwenye mume. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote chumbani. Nikajiambia ni picha, mikono haina uso, nani atajua. Nikampaka mpaka kiwiko, na sijapata kupaka vizuri kama siku ile.

Siku ya pili kila kitu kilikwenda sawa mpaka Njeri alipotaka picha ya mikono miwili, wa bibi harusi juu ya wa bwana harusi. Mutua akaja, akanyoosha mkono. Nikamwambia aurudishe.

"Mum, ni sekunde mbili," Njeri akasema.

"Hata nusu. Huyu ana mchumba wake."

"Bila mkono wa pili picha haisemi kitu."

Mutua akavua kanzu na joho, nikavaa mimi juu ya nguo zangu. Tukavuta mkono wa kanzu mpaka kwenye kifundo, wakanivisha pete ya fedha, nikaweka kiganja cha mdogo wangu juu ya changu. Njeri akatazama kwenye kamera, akapiga nyingi.

"Mum," Kevo akasema, "hii mkono yako imeweza kuliko ya Mutua."

Kweli. Kazi ya Mutua ilikuwa kupanga glasi. Mikono yake laini. Yangu imefua, imebeba maji, imepasua kuni. Kevo alitaka kunipiga picha nikiwa ndani ya joho, nikamkataza, nikaona nimejihifadhi. Njeri alipofika kwenye kompyuta yake aliona jambo moja: kucha zangu zilikuwa nyekundu, maana mpakaji hina hawezi kuwa na kucha safi. Akazisafisha pale kwenye kompyuta, zikawa kucha za mwanamume.

Picha ile ndiyo iliyopendwa. Ilizunguka kwenye simu kuliko nyingine zote, ikafika Faza kabla hina haijafutika mikononi mwa Rukia. Wanawake wa visiwani husoma mkono kama wengine wanavyosoma gazeti. Hawakuhitaji uso. Kidole kidogo kilichopinda walikwisha kukiona siku ya pete, na chini yake ulikuwepo mkono wa mwanamume.

Ali alimpigia Rukia simu, akamwuliza swali moja, mkono ule ni wa nani. Rukia akamwambia ni wa dada. Ali akasema, "Rukia, nitafutie jibu zuri kuliko hilo." Kesho yake alikuja jamaa yao anayekaa Amu, akasema kwa adabu kubwa kwamba Bi Zainabu anaomba pete yake. Rukia alikuwa amevaa soksi za mikono hadi kiwiko ndani ya nyumba yake mwenyewe, joto lile. Hakunilaumu. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mimi ningependelea anilaumu.

Sikutoa pete. Nilimwendea Njeri nikamwambia anipe picha ya asili, ile yenye kucha zangu. Akasema anayo, hafuti kitu. Wapiga picha mnaosoma hapa, kichukueni hicho kama mafunzo yenyewe, mengine yote ni hadithi. Njeri akajifunga leso, akafungasha kompyuta, tukapanda boti ya Faza asubuhi maji yalipojaa.

Bi Zainabu alitupokea ukumbini kwake. Alituletea kahawa na tende, maana hata mtu anayevunja uchumba ana mila zake. Alizungumza Kitikuu, lahaja ya kwao, nayaandika maneno yake kwa Kiswahili cha wote.

"Umekuja na pete, Bi Maimuna?"

"Nimekuja na bwana harusi."

Akaweka kikombe chini. Akatazama mlangoni, akamtazama Njeri, akanitazama mimi. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia juu ya mkeka.

"Huyu," nikasema.

"Usinifanyie mchezo. Nimezaa wanaume watano, mkono wa mwanamume naujua."

Njeri akafungua kompyuta, akaweka picha ya asili, akaikuza mpaka kidole gumba na kifundo vikajaa kioo. Bi Zainabu akavaa miwani. Kwenye ukingo wa ukucha palikuwa na wekundu wa hina, na chini ya kifundo kovu la chetezo kilichonibabua miaka mingi iliyopita. Akauchukua mkono wangu, akaugeuza, akauweka kando ya kioo. Akafanya hivyo mara tatu.

"Una mkono mbaya, Bi Maimuna," akasema mwishoni.

"Umelea watatu."

"Na kanzu?"

"Niliivaa juu ya nguo zangu. Hilo ni langu na Mola wangu, najua si jambo zuri. Lakini mwanamume hakumgusa. Na hina mpaka kiwiko ni kosa langu, nilimpaka mimi, sikuwa na haki. Yeye hana kosa hata moja."

Akaondoa miwani akaifuta kwa leso. "Mimi nimeamini," akasema. "Faza nzima je? Utapita nyumba kwa nyumba ukionyesha mkono?"

"Nikilazimika."

"Hujalazimika. Una hina?"

Nilikuwa nayo. Sijapata kusafiri bila hina. Bi Zainabu akamtuma binti yake mtaani kusema kwamba mpambaji wa Amu yupo kwake, na anapaka. Walianza kuja kabla ya adhuhuri. Kila aliyeketi mbele yangu alikuwa anatazama mkono unaomchora, na Njeri alikuwa ubavuni na picha imefunguliwa. Bi Zainabu hakueleza chochote. Alisema tu, "Mtazameni bwana harusi anavyofanya kazi," na wanawake wakatazama kioo, wakatazama mkono, wakaanza kucheka. Mmoja aliniuliza kama nina mke wa pili. Mwingine akasema mume wake hana mkono wa namna ile na angefurahi kubadilishana. Nilicheka nao. Nilipaka siku mbili mfululizo, kifundo kikavimba, na nikasema moyoni hata kikikatika na kikatike.

Boti ya kurudi niliipanda nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikamkuta Rukia jikoni. Nikamweleza yote, kucha, kovu, wanawake, na kwamba Bi Zainabu amesema tupange siku, hata mwezi ujao.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga sufuria.

"Dada," akasema, "umeniuliza kama bado nataka?"

"Hutaki?"

"Sikusema sitaki. Nasema hukuniuliza. Na siku ile pia hukuniuliza. Ulisema 'Rukia yupo', kama mtu anayesema koleo lipo."

Tangu alipokuwa akitambaa niliamua chakula chake, nguo zake, shule yake, na sikuona mahali ambapo kuamua kulipaswa kukoma. Nikaketi kwenye kibao cha jikoni. Nikamwuliza, "Basi wataka nini?"

Akasema anamtaka Ali, lakini atangoja mwaka mzima ili Ali ajifunze kuamini jibu la kwanza. Siku ataitaja yeye. Na hina yake nisipake mimi.

Ali alingoja. Katika mwaka huo tulifanya kazi tatu nyingine na Njeri na Kevo, na ndipo zikatoka zile kanuni mnazozilalamikia: hakuna mtu anayeingia kwenye picha siku ile ile bila kuulizwa yeye mwenyewe, faraghani, mbali na dada yake, mama yake na mpiga picha, na akisema ngoja nifikiri, tunangoja, hata jua likizama. Tulipoteza jua mara mbili. Chini ya picha ile ya mikono, Njeri aliandika ni nani aliyefanya nini, na kwenye bwana harusi akaandika Maimuna, mpambaji. Nilipata wateja wengi kwa mstari huo kuliko kwa hina yenyewe.

Siku ya harusi ya Rukia alikuja mpakaji kutoka Siyu, binti mdogo, mpole, ambaye Rukia alimchagua mwenyewe. Mimi nilivaa nguo nzuri nikaketishwa mbele, mahali pa mama. Wanawake wa Faza walikuja kunisalimia mmoja mmoja. Sikushika koni, sikushika ua, sikusogeza hata chetezo. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kwamba mstari wa hina kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia ulikuwa mnene. Rukia akainua macho akaniona ninautazama, akasubiri niseme.

Nikamwambia umependeza. Mstari wenyewe ulikuwa mnene kidogo tu.